Miguu ya Meza ya Mume Wangu

Kwetu, upande wa Kalengera, seremala hapimi meza yake ya kazi kwa mita. Anasimama wima, anauacha mkono uning'inie, anakunja ngumi, na pale vifundo vya vidole vinapofika ndipo uso wa meza unapokaa. Meza ikizidi hapo mabega yanauma, ikipungua mgongo unakufa. Kwa hiyo ukiingia katika karakana ambayo mwenyewe hayupo, unaujua urefu wake kwa kuitazama meza tu. Na mwenyewe akifa, ndugu zake huikata miguu ya meza hiyo, kiganja kimoja, kabla matanga hayajaanuliwa, ili asije mtu mwingine akafanya kazi kwenye kimo cha marehemu. Baada ya hapo meza ni ya yeyote atakayeitaka.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu hapa Katoyi wanaisimulia habari yangu vingine. Wanasema mimi ni yule mama aliyegombana na mkwewe kwa ajili ya mbao kuukuu. Waache waseme. Mbao ninazo, msumeno ninao, na nikitaka kukata kitu siombi ruhusa ya mtu. Nilichokataa kukata ni kitu kingine.

Mume wangu alikuwa mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, hata ule alioutengeneza mwenyewe. Meza yake ya kwanza, tulipokuwa tumeoana juzijuzi, ilikuwa etabli kamili, kama mafundi wetu wanavyoiita meza kubwa ya kazi: ubao mmoja mnene, mrefu kiasi cha kulaza mlango mzima na pembeni pakabaki nafasi ya kikombe cha chai. Vita vilipotufikia mara ya kwanza tulikimbilia milimani tukaiacha, maana nani angeibeba? Tuliporudi tulikuta wanajeshi, wa upande upi sikumbuki na sijali, wameipikia maharagwe. Kwenye majivu mume wangu aliokota chuma cha jiliwa, ile ya kubania mbao, akakipangusa kwa shati lake, akacheka. Hasira yake ilikuwa inatoka kwa kicheko. Akasema kuanzia siku hiyo nyumbani mwetu hakitaingia kitu ambacho chukudu haiwezi kubeba.

Chukudu, kwa asiyeijua, ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali: magurudumu mawili ya mti, usukani, na ubao mrefu wa kuwekea mzigo. Kwenye miteremko ya barabara yetu inashuka na viazi magunia kwa magunia, na mwenye nayo amepiga goti juu yake anapiga mluzi. Basi mume wangu alipima ubao wa chukudu, akatengeneza meza ndogo ya upana huohuo, miguu minne imefungwa kwa bolti ili ifunguliwe kwa spana na kulazwa juu yake. Akanitengenezea na mimi ya kwangu. Nilikuwa nikimshikia mbao upande wa pili kwa miaka, na siku moja nilikuwa nimemwambia kwamba nimechoka kushika, nataka kuranda. Hakubisha. Alinisimamisha mbele yake akaniambia nikunje ngumi.

Siku ya kukimbia tena, mimi nilitangulia na watoto, na mama mkwe, na meza zote mbili juu ya chukudu moja. Mume wangu alibaki kuzizika zana. Ndivyo wafanyavyo maseremala wa kwetu: zana nzito huzifunga kwenye gunia lenye mafuta na kuzizika migombani, maana anayekimbia na randa na patasi begani, kila kizuizi cha barabarani kitamuuliza ni silaha gani hizo. Alituambia tutangulie, anakuja nyuma. Tulipofika barabara kubwa mabomu yalianza kuanguka upande tuliotoka. Tulimngoja Rutshuru, tukamngoja Kibumba, tukamngoja Mugunga. Sijawahi kumngoja mtu mahali pengi namna ile.

Mugunga tulipewa turubai na kipande cha ardhi ambacho si ardhi, ni mawe meusi ya volkano yenye ncha. Kabla sijaweka sufuria mahali, nilizifunga miguu zile meza mbili. Mama mkwe aliniuliza kama nina akili timamu. Usiku ule mvua ilinyesha, maji yakapita chini ya turubai, na watoto wakalala juu ya meza ya baba yao wakiwa wakavu. Asubuhi hakuniuliza tena habari ya akili. Lakini pia hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi, na hajawahi kuniambia mpaka leo, maana sisi wawili tuna vichwa vigumu na hatukuumbiwa kusifiana.

Kambini kulikuwa na mgao wa sabuni wa wajane. Mwenye kuita watu aliniita mimi. Sikuinuka. Akaita tena, wanawake wakanigeukia, nikatazama mlima kana kwamba sijawahi kuuona. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa ya moto. Nani aliwaambia kwamba mimi ni mjane? Mama mkwe ndiye aliyeinuka, akajongea na mkongojo wake, akaipokea sabuni akarudi nayo. Aliniambia sabuni haina kosa. Nilifulia, sikatai, lakini sikuipokea mimi.

Kutoka Mugunga tuliingia mjini, Katoyi, kwenye kiwanja cha mwanamke mmoja wa ukoo wa mama yangu, nyumba ya mbao na ua mbele yake. Nikaanza kuranda uani, kwa randa ya kuazima. Wapita njia walisimama. Mwanamke anaranda! Wengine waliuliza mwenye karakana yuko wapi, nikawaambia wamemkuta. Kazi zilikuja polepole: stuli, masanduku, vitanda vya watoto. Na siku moja akaja fundi mmoja kutoka Butembo, wa kabila la Wanande, mfupi, mwenye kifua kipana, aliyekuwa amekimbia mauaji ya upande wa Beni akiwa na mke, watoto, na meza yake ndogo ya kazi mgongoni. Aliomba kona ya ua. Nilimpa, kwa sababu alikuwa anaranda huku akiimba nyimbo za misa, na mtu anayeimba misa akiranda hawezi kuwa mvivu.

Ni yeye aliyeleta kazi ya milango ya kanisa. Ilikuwa parokia ndogo ya pale jirani; milango yake ilikuwa imeishia jikoni mwa watu waliolala mle ndani wakati wa mapigano, na padri hakuwalaumu. Alitaka mipya ya libuyu, mbao nyekundu inayotoka msituni, mirefu na minene, kila upande wake umepigwa papi tatu za kupita. Fundi wa Butembo alikubali kabla hajaniuliza. Halafu akaja kwangu akikuna kichwa.

Shida ni kwamba mlango wa namna ile lazima uunganishwe ukiwa umelala juu ya uso ulionyooka. Ukiugandisha kwa gundi juu ya uso uliopinda, mlango unaukariri ule upindo na hausahau tena. Utaufunga, na pembe moja itabaki inachungulia nje daima. Meza zetu zilikuwa ndogo. Tukijaribu juu ya moja, nusu ya mlango ilining'inia. Chini nako, Katoyi yote ni jiwe la volkano, huwezi kupata hata pa kulaza mkeka ukatulia. Kwa hiyo tukakubaliana kuziunga meza tatu ziwe etabli moja: yake, yangu, na ya mume wangu.

Tulizipanga mstari mmoja. Ya mume wangu ilisimama juu kuliko zote, yangu ikafuata, ya fundi ikawa chini kabisa. Yeye akacheka, akasema Mungu alipokuwa anagawa urefu yeye alikuwa msituni anatafuta mbao. Akachukua penseli sikioni na pembemraba, akapiga magoti kwenye meza ya mume wangu, akachora mstari kwenye mguu wa kwanza, kiganja kimoja kutoka chini. Kwao mguu wa meza ni mguu wa meza tu. Hakujua.

"Mama, tunakata hii ya murefu, tunapunguza na yako kidogo, zinalingana," aliniambia. "Ni kazi ya saa moja."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Aliweka ungo chini. Alikuja mpaka pale, akautazama ule mstari, na kusema neno moja tu: "Kata."

Nikasema hakuna atakayekata. Fundi wa Butembo akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akairudisha penseli sikioni kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Ikabidi nimweleze. Nilipomaliza alivua kofia yake.

Ugomvi ule si wa siku moja. Mama mkwe hakuwa mkatili, na nisingependa mtu amdhanie hivyo. Yeye alitaka kulia. Kwetu huwezi kumlilia mtu nusunusu. Ama yupo, ama matanga. Alikuwa hajanyoa nywele, hajakaa chini na wanawake wenzake, hajapikiwa uji wa msiba, na machozi yake yalikuwa yamemkaa kooni tangu Kalengera. Alisema mfu asiyeliliwa hukaa njiani anauliza wapitao kwao ni wapi. Alisema ninamzuia mwanawe njiani kwa ukaidi wangu. Na mimi nilimjibu, kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, kwamba siwezi kumuua mume wangu kwa msumeno ili mtu mwingine apate usingizi.

Majirani nao hawakukosa la kuchangia. Mwenye kiwanja alinijia na methali, akisema asiyekuwepo na lake halipo. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye ile meza nikamwambia lake hilo hapo, lina miguu minne, ahesabu. Alinuna wiki nzima.

Mwisho tuliafikiana, mimi na mama mkwe, kwa namna ya watu wasiotaka kuafikiana. Nilimwambia mbele ya fundi, ili awepo shahidi:

"Siku mutu atakuja mbele yangu aniambie kwa kinywa chake asema alimuona amekufa, nitakata miye mwenyewe. Sitamwita mutu."

Alinitazama usoni akaona kwamba sitanii. "Basi ile alama ya penseli usiifute," alisema. "Ibakie pale."

Ikabakia. Kila nilipopiga magoti kuokota msumari niliiona.

Kwa kuwa ndefu haikatwi, zilibaki fupi za kuinuliwa. Fundi wa Butembo aliposikia hivyo alikuwa karibu kuchukua meza yake aondoke. Alisema hajawahi kuona etabli inayopanda badala ya kushuka, kwamba atafanya kazi akiwa amening'inia kama nguo kwenye kamba. Nilimwambia aende, lakini milango ya padri aiache. Akakaa chini, akavuta pumzi, akaanza kucheka.

"Basi tupande, mama," alisema. "Padri atajua tulikuwa tunamukaribia Mungu."

Vipande vya mbao chini ya miguu tulivijaribu, vikatukimbia. Kuranda ni kusukuma, na meza inayosukumwa huku imekanyaga vipande vya mbao huanza kucheza. Ndipo nilipofikiria mawe. Jiwe lile jeusi lilitukata miguu Mugunga, lilitupasulia sufuria, lilitunyima hata pa kuzika mtu. Nikasema nalo lifanye kazi kidogo. Tulichagua makubwa, tukayachonga kwa patasi ya mawe, na kwenye kila moja tukatoboa shimo la kina cha vidole viwili ili mguu wa meza uingie na kukaa. Tukayapanga chini ya meza yangu na ya fundi. Tukajaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukashika ncha moja huku na nyingine kule, maana maji hayadanganyi, na tukayashusha na kuyapandisha mawe mpaka nyuso tatu zikawa moja. Meza ya mume wangu peke yake ilisimama kwa miguu yake mwenyewe.

Kisha tukatoboa pembeni, tukaziunga kwa bolti meza na meza. Siku ya kwanza ya kazi ziliachana. Nilikuwa naranda ubao wa kwanza wa libuyu, nimeshaingia kwenye mdundo, na pale katikati pakafunguka mwanya, ubao ukaporomoka ukapasuka ncha. Mama mkwe, mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote. Niliokota ubao nikauweka pembeni. Usiku nilijua tulichokosea: tuliziunga kama watu walioshikana mikono, na mikono huachiana. Zilitaka kitu kimoja kinachopita chini ya zote tatu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilisema tuweke boriti mbili ndefu za mkaratusi chini, moja mbele na moja nyuma, tuzifunge kwenye kila mguu. Fundi aliipima boriti kwa macho. Alijua, na mimi nilijua, kwamba boriti ndefu namna ile haipandi chukudu. Mume wangu alikuwa ameapa, na mimi nilikuwa nakiuka kiapo chake kwa ajili ya kuilinda meza yake. Hilo lilinichanganya, na sioni aibu kusema kwamba nililia kidogo nikiwa nyuma ya nyumba. Lakini nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kumiliki vitu vya kukimbia navyo tu. Sufuria nyepesi, godoro la kukunja, meza ya kufungua, mpaka watoto unawalea kama mizigo ya kuinua haraka. Nikasema boriti ziingie. Na bolti zilipokwisha kukazwa, nilichukua nyundo nikazigonga ncha zake mpaka zikatanuka kama vichwa vya uyoga, ili nati yoyote isifunguke tena kwa spana.

Fundi aliniuliza, vita vikirudi je?

"Vitukute tunaranda," nilimwambia.

Tulipomaliza kuunyoosha uso wote kwa randa, nililaza juu yake kamba iliyovutwa, kutoka kona hadi kona, na mwanga haukupita chini yake popote. Nilifurahi, nilifurahi kwelikweli. Kwa kuwa etabli ilikuwa kwenye kimo cha mume wangu, mimi na fundi tulijitengenezea jukwaa la mbao la kusimamia, yeye akaongeza ubao mwingine juu ya wake. Watu wakipita barabarani walituona vichwa vyetu juu ya ukuta wa ua, na vijana wa mtaani wakawa wanauliza mahubiri ya leo yanatoka kitabu gani. Fundi aliwabariki kwa randa.

Milango ilitoka imenyooka. Siku ya kuitundika padri aliifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga, na mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja na kitenge chake cha misa, alisikika akimwambia mwenzake kwamba karakana ile ni ya mwanawe. Nilimsikia nikajitia hamnazo. Alisema ni ya mwanawe, hakusema ilikuwa.

Baada ya hapo etabli ilijulikana. Walileta fremu za madirisha, makabati, meza za shule. Halafu vita vikarudi, kama fundi alivyouliza. Vilianza upande wa Sake kwa mngurumo, kisha watu wa Mugunga wakaanza kupita mbele ya ua wetu na magodoro kichwani, chukudu kwa chukudu, wazee wamekalishwa juu kama viazi. Ndugu wa mume wangu alipiga simu akisema nifungue mbao zangu nivuke mpaka. Fundi wa Butembo alichukua spana, akainama, akazitazama zile ncha nilizozigonga, akaitupa spana chini. Aliniambia nimewafunga hapa. Nikamwambia ndiyo.

Risasi zilipoingia mtaani tulilala chini ya etabli, familia mbili na mama mkwe, kati ya mawe, na mbao zile nene tatu juu yetu. Mabati ya nyumba yalitobolewa. Etabli ilipata kovu moja tu, upande wangu. Mama mkwe alilala amejikunja karibu na mguu wenye ile alama, na mkono wake ulikuwa umeushika mguu wenyewe. Ilikuwa hofu tu, nadhani, kila mmoja wetu alikuwa ameshika kitu. Siku milio ilipotulia na mji ukawa mikononi mwa watu wengine, tulitoka, tukafagia vumbi, tukaranda. Wengine waliona ni ukichaa. Lakini wafu walikuwa wengi na mbao za masanduku yao zilitakiwa zinyooshwe na mtu.

Ni katika siku hizo alipopita mama mmoja. Alikuwa na mtoto mgongoni na kibuyu cha maji, ametoka njia ya Rutshuru, anatafuta ndugu zake Katoyi. Alikuwa ameshapita ua wetu. Kisha alirudi nyuma, akasimama langoni, akawa anaitazama etabli. Si sisi, etabli. Nilishuka jukwaani nikamuuliza anamtafuta nani. Alinyoosha mkono kuelekea meza ya mwisho.

"Ile meza ninaijua," alisema. "Kalengera nzima ni mutu moja tu alikuwa na meza ya urefu ile."

Ningalikubali kukata, angalipita. Angaliendelea na njia yake na mtoto wake, na mimi ningebaki bila kujua mpaka kufa kwangu. Nilimkaribisha, nikampa maji, nikampa stuli.

Alisimulia akiwa ameangalia chini. Yeye na mume wake walikuwa wamejificha migombani siku ile ya mabomu. Milio ilipopungua walimkuta mume wangu kandokando ya udongo uliochimbuliwa upya, gunia la zana limeshazikwa, jembe bado mkononi. Hawakuweza kumwacha hivyo. Walichimba kwa jembe lilelile. Lakini milio ilianza tena, na ardhi ilikuwa na mizizi ya migomba, na yeye alikuwa mrefu.

"Shimo lilikuwa fupi," alisema. Alikuwa analia sasa. "Mutusamehe. Hatukupata muda. Tulimukunja miguu."

Fundi wa Butembo alivua kofia yake. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, ungo wa maharagwe mapajani, hajatikisika, na sikuweza kumtazama. Nilikuwa na hasira na yule mama kwa kuja, na hasira na mume wangu kwa kumaliza kuzika zana kwanza, kazi nadhifu mpaka dakika ya mwisho, mjinga yule, mpenzi wangu. Zaidi nilikuwa na hasira na kinywa changu mwenyewe. Lakini neno nilikuwa nimelitoa mbele ya shahidi, na sijawahi kuwa mtu wa kumeza neno.

Nilikwenda ukutani nikautoa msumeno kwenye msumari wake. Nilijua nikikata mguu ule mmoja, boriti zitakaa upande, mawe yatakuwa ya bure, uso wote utainama, na etabli itakuwa meza tatu zinazogombana. Sikujali. Nilipiga magoti. Alama ya penseli ilikuwa palepale, nyeusi, kana kwamba imechorwa asubuhi ile. Niliweka meno ya msumeno juu yake, nikavuta mara moja. Unga kidogo ukaanguka kwenye goti langu.

Mkono ukashika mkono wangu. Sikuwa nimemsikia akija. Alikuwa amechutama pembeni yangu bila mkongojo wake, uso umelowa, ameanza kulia hatimaye, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuijua.

"Acha," mama mkwe alisema. "Miguu ya mutoto wangu walishaikunja mara moja. Inatosha."

Alichukua ncha ya kitenge chake, akaitemea mate, akausugua ule mstari wa penseli mpaka ukatoka.